Mguu Usioshika Maji

Watu wakitunga mhusika mwenye damu ya malaika kwa mara ya kwanza, wote wanataka mabawa. Mabawa, upanga wa moto na uso mzuri wa kwenye kalenda. Nimewachoka. Hapa Malukhu, Mbale, kwenye kibanda changu cha ushonaji, mabawa nimeyapiga marufuku tangu Jumapili ya kwanza tuliyocheza, na anayetaka kuruka namwambia akapande mti.

Mchezo wenyewe nilirudi nao kutoka Bungoma, ambako mimi na shangazi yangu tulikimbilia wakati wa vita. Mwalimu mmoja Mkenya aliniachia boksi lake lililochanika pembe zote. Kila mchezaji anamtunga mtu wake katika nchi isiyokuwepo, mimi msimulizi nawaeleza yanayowakuta huko, na dadu zinaamua kama wamefaulu au wameumia. Basi. Lakini mwaka ule wa themanini na tisa, nenda kawaeleze watu. Wapiganaji waliosema wanaongozwa na pepo walikuwa wamepita kwetu juzijuzi tu wakielekea Jinja, na upande wa Teso risasi zilikuwa bado zinalia. Mwenyekiti wa mtaa aliposikia kwamba kwangu, kwa Madina, watu wanafunga mlango na kuzungumza habari za malaika, alikuja mwenyewe. Alizishika dadu moja moja kama mtu anayechagua mayai, akauliza kama zimesajiliwa. Tangu siku hiyo tunacheza mlango wazi.

Mama yangu, Mastula, anayeishi Mpumudde kule Jinja, naye hakuupenda. Malaika hawaoi wala hawazai, alinikumbusha, na mtoto aliyesoma madrasa hafai kusahau jambo hilo. Nilimwambia hao ni malaika wa nchi ya mchezo, si wetu. Alinitazama vile anavyomtazama muuza nyama aliyeficha mfupa.

Mimi mchezaji mgeni namuuliza hivi: huyo malaika, babu yako, alikosea nini? Na kosa lake linaonekana wapi mwilini mwako? Hapo ndipo mtu anaanza kufikiri. Nangobi, ambaye ni muuguzi, alitunga mwanamke wa sokoni ambaye babu yake malaika alidanganya kwenye mizani ya matendo, basi yeye akipunja hata punje moja ya maharage, pua inatoka damu mbele ya wateja. Gidudu wa kinu cha mahindi alitunga mtu ambaye akikasirika mvua inanyesha, lakini inamnyeshea yeye peke yake. Tulicheka mpaka jirani akaja kuchungulia.

Kisha Gidudu akatuletea Wamboga.

Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mfyatua matofali wa Namatala, mpole kupita kiasi. Sikumpenda. Kwanza Gidudu aliniambia, bila kuona ubaya wowote, kwamba rafiki yake alianza kuuliza habari za kibao changu kabla hajauliza habari za mchezo. Kibao kimeandikwa FUNDI BAKHIT NA BINTI. Bakhit ni baba yangu, na cherehani ni yake. Halafu kulikuwa na Kiswahili cha Wamboga. Mimi ni Mnubi, nimekulia ndani ya Kiswahili. Lakini yeye ni Mgisu, na kwetu huku Mgisu wa umri ule akiongea Kiswahili kwa ulaini, watu wanaitazama mikono yake kwanza, kama imewahi kushika bunduki. Kile hakikuwa Kiswahili cha sokoni. Kilikuwa cha malori na kambi. Nikasema moyoni, mwenyekiti amenitumia jasusi, na jasusi mwenyewe hajui hata kuchagua kiti, anakaa palepale anapoweza kuona mlango na mimi.

Nikamuuliza maswali yangu kama ninavyowauliza wote. Alizungusha dadu mezani kwa kidole.

Malaika wake, alisema, alitumwa kumchukua mtu. Alimkuta anatawadha barazani. Mtu yule akaomba angojewe amalize mguu mmoja tu uliobaki, wa kushoto, na malaika akakataa. Tangu hapo, kila anayezaliwa katika ukoo wa malaika huyo ana mguu wa kushoto usioshika maji. Aumwagie mtungi mzima, mguu unabaki na vumbi.

Nangobi alisifu, akasema huyu mgeni kawashinda wote. Mimi nilikuwa nimeshika mkasi, nikauweka chini polepole.

Baba alikuwa fundi cherehani Jinja. Alishona sare za jeshi kwa sababu ndizo zilizoletwa, na serikali ya jeshi lile, lililojaa Wanubi, ilipoanguka, kushona kwake na Unubi wake vikatosha kumtia hatiani. Mwaka wa themanini, watu wenye bunduki walimchukua kutoka barazani kwetu Mpumudde. Mimi nilikuwa Mbale kwa shangazi. Mama alikuwa jikoni nyuma. Alipotoka, lori lilikuwa linakata kona. Alikuta birika imelala ubavu, na kwenye sementi alama za unyayo mmoja uliolowa, wa kulia, mpaka getini. Wa kushoto haukuwepo. Katika udhu mguu wa kulia ndio unaotangulia, kwa hiyo alijua alikatishwa wapi. Hilo aliniambia mimi peke yangu. Hakumwambia hata shangazi.

Na kwa kuwa hakuna maiti iliyoonekana wala shahidi aliyejitokeza, mama alikataa kukaa eda. Alikataa kukimbia nasi Bungoma, eti mwenye nyumba akirudi atamkuta nani. Walikuja wachumba, walikuja mashehe, walikuja ndugu. Wote aliwajibu kwamba yeye ni mke wa mtu. Miaka tisa si mke, si mjane, na kila alfajiri anajaza birika na kuiweka barazani. Niliiona birika ile kila nilipokwenda kumsalimia, na kila mara nilitamani kuipiga teke.

Sasa mfyatua matofali wa Namatala anaujua mguu wa baba yangu.

Wiki nzima sikushona nguo ikakaa sawa. Jumapili iliyofuata nilimtegea. Nikawaongoza wachezaji wangu wote hadi kwenye mji wa kubuni, nikawatenganisha, nikamwacha mtu wa Wamboga peke yake mbele ya nyumba moja yenye geti. Nikamwambia kwamba hapa ndipo babu yake malaika alipomchukua yule mtu. Amesimama nje. Anaona nini?

Alisema anaona baraza. Nikamuuliza ya nini. Ya sementi, alisema, imepasuka karibu na ngazi. Ilikuwa kweli, imepasuka hadi leo. Nikamuuliza maji yalikuwa kwenye nini.

"Birika," alisema. "Ya kijani. Mkono yake ya kushikia ilikuwa imefungwa na kitambaa."

Kitambaa kile nilikifunga mimi, kwa mabaki ya gauni langu la shule.

Niliwaambia Nangobi na Gidudu waende nyumbani. Gidudu alitaka kuuliza, Nangobi akamvuta shati. Wamboga hakunyanyuka. Nadhani alikuwa ameyangojea haya tangu alipokiona kibao changu.

"Ulikuwa na bunduki?" nikamuuliza.

"Hapana, dada. Mimi nilikuwa dereva tu. Wao walisimamisha lori yangu na saruji ndani, wakasema endesha."

Akanieleza mengine akiwa ameinama. Hakutoka ndani ya lori. Alimsikia baba akiomba amalize mguu, kwa sauti ya kawaida, kama anayemwomba mteja asubiri pindo. Afande mmoja alimwita Fundi Bakhit, akamjibu kwamba atamalizia huko anakokwenda. Huko kulikuwa shambani, kwenye miwa, kando ya barabara ya Iganga. Jua lilikuwa halijazama walipomuua. Wakampa Wamboga jembe.

Nilimchukia wakati ule kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote, na yeye ndiye pekee aliyekuwa akiniambia ukweli. Nikamuuliza miaka yote hii alikuwa wapi.

"Nilienda Mpumudde mara mbili," alisema. "Nafika kwa geti, naona ile birika nje, imejaa. Nikasema, nikiingia, huyu mama atamwaga ile maji. Nikarudi."

Alipokiona kibao changu, alisema, alijua ni mimi, lakini kila alipofungua mdomo maneno yalikataa. Ndipo Gidudu akamsimulia kwamba kwa Madina mtu anaweza kusema jambo likawa la mtu mwingine.

Nikamwambia maneno hayo atakwenda kumwambia mama mwenyewe. Sikumwamini sawasawa. Hata tulipokuwa njiani kwenda Jinja nilikuwa namtazama kwa pembe ya jicho, nikingoja aseme anahitaji kitu, kwa sababu wote waliowahi kumletea mama habari za baba walihitaji kitu. Hakusema chochote. Tulipokaribia Mpumudde alivua kofia na hakuivaa tena.

Mama alimpokea kama mgeni yeyote. Akamkalisha kwenye mkeka barazani, akataka kwenda kuweka chai. Nikamshika mkono, nikamwambia akae kwanza. Birika ilikuwa palepale ukutani, siku hizi ya plastiki nyeupe.

Wamboga alisema yote. Hakutafuta malaika wa kumsaidia safari hii. Alisema mimi, lori yangu, jembe. Mama hakulia wala hakumkatiza. Mimi ndiye niliyelia. Alipomaliza, mama aliuliza swali moja tu.

"Nani alimwosha?"

"Hakuna, mama. Mimi sijui namna ya Waisilamu ya kuosha." Wamboga aliukunja ukingo wa mkeka, akaukunjua. "Lakini nilikuwa nimesikia vile alisema. Wale walipoenda kuvuta sigara, nikachukua jeriken ya maji ya rejeta ya lori, nikaosha ile mguu ya kushoto. Hiyo tu. Halafu nikamfukia."

Mama aliitazama sementi kati ya ngazi na geti. Nilidhani ataanguka, nikasogea.

"Basi alimaliza," alisema.

Akanyanyuka, akavua hereni moja, kisha nyingine, akaniwekea kiganjani. Shehe angemwambia muda wa eda ulikwishapita zamani. Hakuna aliyemuuliza shehe. Alichukua birika, akaimwagia maji yake yote michicha iliyo chini ya baraza, akaingia nayo ndani. Kutoka chumbani akaniita nimtafutie kanga isiyo na maua, na nisimwache mgeni aondoke bila kula.