Mguu wa Kushoto

Kwa miaka thelathini na moja, yeyote aliyejifunza udereva katika mji ule aligongwa goti kwa rula na Mwalimu Mguu. Hakuwa akipiga kwa nguvu. Aliigusisha tu rula kwenye goti la kushoto la mwanafunzi na kusema neno moja: "Mguu." Maana yake, toa mguu kwenye klachi. Mwalimu aliamini kwamba mtu akishabadili gia, mguu wa kushoto hauna kazi tena, na ukae pembeni upumzike. Anayeuacha ukielea juu ya pedali ni mharibifu wa mali, na huenda hata malezi yake yana walakini. Jina lake halisi lilisahaulika kabisa. Siku ya kumuaga, hata mkuu wa chuo cha udereva aliteleza ulimi katikati ya hotuba akamwita Mwalimu Mguu, na ukumbi mzima ukapiga makofi.

Baada ya kustaafu alinunua gari dogo la Ulaya, la kijivu, lililokwisha kutumika, akaliita Mjerumani. Kila asubuhi alilifuta vumbi kabla hajanywa chai. Mkewe aliomba afundishwe kuliendesha, akakataliwa kwa maelezo kwamba mume na mke hawafundishani gari, watatoana roho kabla ya gia ya pili. Mama wa watu hakubishana. Alikwenda chuo kingine, upande wa pili wa mji, na baada ya miezi miwili akaweka leseni mezani kando ya miwani ya mumewe. Mwalimu alinuna wiki nzima. Kilichomuuma si siri hiyo. Kilichomuuma ni kwamba siku mkewe alipoliegesha Mjerumani mbele ya nyumba, aliliegesha vizuri.

Mama alikuwa na sababu yake. Dada yake mdogo anaishi peke yake juu mlimani, na wakikutana wana mengi ya kusimuliana. Lakini Mwalimu humpeleka anapojisikia, tena haingii ndani. Hukaa garini, na nusu saa ikipita huanza kupiga honi. Kwa miaka yote hiyo wale ndugu wawili hawajawahi kumaliza hadithi hata moja. Kwa hiyo siku Mwalimu alipougua mafua, Mama alichukua ufunguo, akapanda mlima peke yake, akashinda huko, akarudi mashavu yakimuuma kwa kucheka.

Wiki tatu baadaye Mjerumani akaanza kuumwa.

Mwalimu aliugundua ugonjwa kwenye kilima cha hospitali. Alikanyaga mafuta, injini ikanguruma, mshale wa mizunguko ukapanda juu, lakini gari halikuongeza mwendo. Mtu aliyesukuma mkokoteni wa magodoro akampita, tena akamsalimia. Pedali nayo ilikuwa haishiki mpaka iachiwe karibu yote, na ndani mkaingia harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya sweta. Dalili hizo Mwalimu alikuwa akiwaandikia wanafunzi ubaoni kila muhula. Hata hivyo alipofika nyumbani alifanya jaribio la mwisho, asije akalisingizia gari. Alivuta breki ya mkono, akatia gia ya nne, akaachia klachi taratibu. Gari lenye klachi nzima lingezimika papo hapo. Mjerumani aliendelea kuunguruma bila wasiwasi wowote.

Alimkuta mkewe sebuleni anakunja mashuka, akamtangazia kwamba klachi imekwisha na kwamba aliyeimaliza anajulikana. Mama akauliza ni nani. Mwalimu akasema hataji mtu, ila kuna watu wamepata leseni juzi na tayari wanajipandia milima. Mama akamkumbusha kwamba ameliendesha gari hilo mara mbili tu, moja ikiwa ya kuliegesha. Mwalimu akajibu kwamba klachi ya Ulaya haihitaji mara ya tatu.

Hapo ndipo alipojitia kitanzi mwenyewe.

"Litafunguliwa mbele yetu sote," alisema. "Atakayeonekana na hatia, asiguse tena usukani wa gari lile."

Mama alikunja shuka la mwisho, akalipapasa. "Umesema wewe," alisema.

Fundi waliyemwendea alikuwa mwanamke wa makamo, hodari, na aliyepata kuwa mwanafunzi wa Mwalimu. Alifelishwa mara tatu, zote kwa sababu ya mguu. Kazi ilichukua siku mbili. Kwa magari mengine, alisema, klachi ni kazi ya asubuhi moja, lakini Wazungu hawa wamepanga vitu kama watu wasiotaka mtu arudi tena ndani. Akatoa betri na kikalio chake, akatoa boksi la kichujio cha hewa, akachomoa ekseli zote mbili, na hapo hajaigusa hata giaboksi yenyewe. Mwalimu alikaa kwenye tairi bovu akitoa maelekezo ambayo hakuna aliyeyaomba. Mama alikaa kwenye tairi jingine akihesabu siku kwa vidole, maana alikuwa amekwisha kumwahidi mdogo wake kwamba Jumamosi atakwenda. Udereva wake aliuamini, lakini klachi hakuijua, na mtu hawezi kujitetea kwa kitu asichokijua.

Siku ya pili mchana giaboksi ilishuka juu ya jeki. Fundi akapanga vitu vitatu juu ya kipande cha boksi: sahani ya klachi, kifuniko chake cha chuma, na beringi. Sahani ilikuwa imelika mpaka vichwa vya ribiti zinazoishikilia vinachungulia.

Mwalimu alisimama, akamgeukia mkewe. "Umeona mama? Umeona kazi yako?"

Fundi alimwomba radhi, akasema bado. Mtu asiyejua kuondoka kwenye mlima, alieleza, huiunguza klachi, na chuma kinachogusana nayo hutoka madoa ya buluu. Akaangaza tochi kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la injini linalogusana na sahani. Doa halikuwepo hata moja. Akaizungusha beringi kwa kidole, nayo ikalia kama ina mchanga ndani. Kisha akaonyesha zile fito nyembamba za chuma katikati ya kifuniko, zinazosukumwa na beringi. Ncha zake zilikuwa zimechongeka na kung'aa.

"Huyu hakuunguza," alisema fundi. "Huyu amegusa. Mguu mwepesi, haukanyagi wala hauondoki. Kutwa nzima, miaka."

Mwalimu akakumbuka haraka kwamba gari lilikuwa na mwenyewe kabla yake, mtu asiye na adabu hata kwa kumtazama. Fundi akaangalia chini.

"Mwalimu wangu, klachi hii nilikufungia mwenyewe siku ulipolinunua. Miaka mitatu haijatimia."

Fundi akafungua mlango wa dereva na kumulika sakafu. Mpira wa pedali ya klachi ulikuwa na upara. Chini yake, zulia lilikuwa limetoboka tundu la ukubwa wa kisigino. Na pembeni, pale Wajerumani walipotengeneza mahali maalumu pa kupumzishia mguu wa kushoto, mpira ulikuwa mpya wenye mistari yake yote na vumbi lisilokanyagwa.

Mwalimu alisema huo ni uzushi. Akaingia garini awaonyeshe jinsi mtu wa fani anavyokaa. Akashika usukani, akanyoosha mgongo, akaanza kueleza kwamba baada ya kubadili gia mguu huenda pembeni, na wakati anaeleza, kisigino chake cha kushoto kikateremka chenyewe kikaingia kwenye tundu, kikakaa sawasawa. Unyayo ukaelea juu ya pedali. Wote watatu wakautazama. Fundi alikuwa na spana mkononi. Aliliangalia lile goti kwa muda, akaona ni afadhali aiweke spana chini.

Mwalimu hakuutoa mguu mara moja. Akilini aliona gari la chuo, lile lenye pedali za pili upande wa mwalimu, na watoto wa watu walioshika usukani kama wameshika nyoka. Miaka thelathini na moja mguu huu ulielea juu ya pedali hizo, tayari kuwaokoa, kwa sababu ukipumzika sekunde moja mtu anaingia dukani na gari. Yeye alistaafu, akaagwa kwa makofi na saa ya ukutani. Mguu haukuambiwa. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akamwonea huruma, akamwendea, akamshika bega.

"Umelinda watu wengi, mume wangu," alisema. "Sasa shuka."

Fundi alifunga klachi mpya jioni ileile, akaipima katikati kwa kijiti chake maalumu kabla ya kuibana, akarudisha giaboksi na makorokoro yote ya Mzungu. Pedali ikawa laini, ikishika katikati. Mwalimu alichomoa ufunguo kwenye mnyororo wake kwa vidole vizito, akauweka kwenye kiganja cha mkewe. Alikuwa ametoa kauli mwenyewe, na hakuwa mtu wa kuimeza.

Jumamosi walipanda mlima. Mwalimu, kwenye kiti cha abiria, alitafuta kosa njia nzima na hakuliona, jambo lililomchosha kuliko kuendesha. Kwa shemeji yake nusu saa ikapita, ikapita saa, zikapita tatu. Honi ilikuwepo, lakini gari lilikuwa limefungwa na ufunguo umo katika mkoba wa mkewe. Mwishowe akaingia ndani, akapewa kiti, na kwa mara ya kwanza akasikia mwisho wa hadithi.

Wakati wa kuteremka, lori lilifunga breki ghafla mbele yao. Mama alipunguza mwendo bila papara, akashusha gia, na mguu wake wa kushoto ukarudi pembeni kupumzika. Upande wa abiria, mahali pasipo na pedali yoyote, soli ya kushoto ya Mwalimu ilikuwa imekandamiza zulia kwa nguvu zake zote.

Mama hakuondoa macho barabarani. Alinyoosha mkono, akamgusa goti la kushoto kwa kidole kimoja.

"Mguu," alisema.