Udongo Usio na Uso

Mwanasha hakufundisha maharusi kwenye mwanga, na hilo ndilo jambo la kwanza watu wa Mwabungo walilomsema nalo. Makungwi wengine walifundisha uani, kahawa na kashata zikizunguka, vicheko vikisikika hadi kwa majirani. Yeye alingoja jua la adhuhuri, akaziba dirisha la chumba chake kwa magunia ya sukari ya Ramisi, akafunga mlango, akamwambia bi harusi: sasa tumia mikono na masikio, macho yapumzike.

Ndani ya giza hilo la mchana alifanya kila kitu kwa namna yake. Aliimba nyimbo alizozitunga mwenyewe. Alichora kwa rangi nyeusi ya piko mgongoni mwa bi harusi kwa kupapasa tu, na wakitoka nje michoro haikuwa imepinda hata kidogo. Kisha aliwatia mikononi watu wa udongo mbichi aliowafinyanga asubuhi yake: mwanamke aliyejikunyata, mwanamke aliyejinyoosha kama paka juani, wawili waliokumbatiana hata hujui mguu huu ni wa nani. Bi harusi aliwapapasa polepole, na wimbo ukamweleza anachokigusa.

Wakubwa zake katika kazi ile walikasirika. Kungwi hutumwa na makungwi wenzake, huyu alijituma. Nyimbo zao zilimfundisha mke kumpendeza mume, basi. Za Mwanasha zilimuuliza mke: na wewe je, unataka nini? Tena ziliyataja yale yasiyotajwa, hofu na maumivu, na usiku ambao mtu amelala macho wazi akisubiri kupambazuke. Hayo ni ya kumwimbia bi harusi, jamani? Walimwita kiherehere, walimwita mwanga, yaani mchawi wa usiku, na wanawake wazima waliendelea kugonga mlango wake, wajane na walioachwa wanaoolewa tena wakiwa mbele. Hao aliwapenda zaidi, kwa sababu walikuja na maswali.

Udongo wake ulikuwa na miiko. Hautiwi uso. Uso ukitiwa, anakuwa fulani bin fulani. Usipotiwa, kila anayemshika anaweza kuwa yeye. Wala hauchomwi. Somo likiisha, watu wa udongo huingizwa kwenye beseni la maji wakayeyuka, na yale maji yakamwagwa chini ya mkomamanga ulio nyuma ya nyumba. Alichokiona mtu gizani kikabaki kwake.

Kazi ya kuwayeyusha aliachiwa Mbeyu. Mbeyu alikuwa mfinyanzi wa vyungu, mjane mwenye binti mmoja, na ndiye aliyempigia Mwanasha ngoma ya msondo ndani ya chumba kile. Alimwita dada, ingawa hawakuzaliwa pamoja. Walipikiana, waliuguzana, walisukana nywele. Na ni yeye peke yake aliyejua habari ya sikio.

Sikio la kushoto la Mwanasha lilichanika kutoka kwenye tundu la hereni hadi chini. Kijiji kizima kilijua kwamba lilichanwa na tawi la mkorosho, kwa sababu ndivyo alivyosema Boga, aliyekuwa mumewe, mnunuzi wa mbata, nazi zilizokaushwa, kule Msambweni, mtu wa kilemba kizuri na maneno mazuri zaidi. Ukweli ni kwamba Boga aliizima taa, Mwanasha akamwomba aiwashe, akamkatalia asiyoyataka, naye akamvuta kwa hereni mpaka nyama ikaachia. Mwanasha alirudi kwao akarudishwa, akarudi tena akarudishwa tena, hadi talaka ilipopatikana kwa shida. Miaka mingi baada ya hapo hakuweza kulala bila kandili. Halafu siku moja, mchana kweupe, aliliziba dirisha, akakaa sakafuni, akatetemeka mpaka kutetemeka kukamchoka. Giza lilikuwa la Boga. Alitaka liwe lake. Nyimbo zote na udongo wote vilitoka hapo.

Mwaka ule picha za Malkia mpya wa Waingereza zilipobandikwa kwenye maduka ya Ukunda, aliutunga wimbo aliokuwa ameuogopa kuliko nyimbo zote. Aliuanza hivi:

*Niwashieni taa nimwone,*
*alalaye ubavuni nimjue.*
*Kiganja changu nimekikunja,*
*nikikikunjua, iwe nimetaka mwenyewe.*

Mbeyu alipousikia mara ya kwanza, msondo ulimkwama. Walilia wote wawili, na kwa kuwa kulikuwa na giza hakuna aliyejifuta machozi. Mwanasha akaufinyangia wimbo ule mtu wake: mwanamke amelala chali, ngumi zimefumbwa, shingo imegeukia ukutani. Na ni siku hiyo hiyo alipomweleza mwenzake kisa kizima cha Msambweni. Wimbo hakuuandika popote. Ulikuwa kinywani mwake na kinywani mwa Mbeyu, na hilo lilimtosha.

Kisha Biasha, binti wa Mbeyu, msichana mkubwa aliyepita miaka ishirini, akaposwa. Mchumba alikuwa mtoto wa Boga kwa mke mwingine.

Mbeyu alikuja mwenyewe kutoa habari, mtandio umemfika machoni kwa aibu. Mwanasha akasema kijana si baba yake, na kama wamependana basi Mungu awape heri. Ila aliomba kitu kimoja. Yeye amfundishe Biasha. Alimpakata mtoto yule, alimlisha uji wa mkono wake, na sasa anaingia nyumba ile ile. Kama kuna mwanamke duniani anayeuhitaji wimbo ule ni huyu, na akimpa yeye, wimbo utakuwa umetoka salama. Asipompa, wote wengine aliowafundisha itakuwa kazi bure.

"Nani mwingine, dada?" Mbeyu akamjibu. "Alhamisi, baada ya adhuhuri. Njoo na udongo wako."

Wakaupitia wimbo pamoja, wakamfinyanga mtu wa ngumi, na jioni Mbeyu akambeba kwenda kumyeyusha kama ilivyo desturi.

Alhamisi Mwanasha aliswali, akafunga udongo mpya katika jani la mgomba, akavaa leso zake za heshima akatoka. Njiani alikuwa na furaha ya kitoto, hata akamtania muuza samaki. Alipofika karibu na ua wa Mbeyu akasikia pembe za vugo. Akashangaa. Vugo ni ngoma ya wanawake ya kushangilia na kusutana hadharani, na ilipangwa kuchezwa kesho yake, wakwe wakija kutoka Msambweni. Akadhani wamewahi. Akaongeza mwendo asikose kuwapokea.

Alikuwa bado nje ya ua wa makuti alipoutambua muziki. Ulikuwa wake. Ule mshuko wa taratibu mwisho wa mstari alioutafuta mwezi mzima, sasa ulipigwa mbio mbio, ukachezewa viuno. Na maneno yalikuwa haya:

*Mwashieni taa amwone,*
*mume kamkimbia, sikio kaliacha.*

Vicheko vikapasuka. Wakarudia mstari wa sikio, wakaurudia tena, kila mara kwa sauti kubwa zaidi.

Mwanasha aliingia. Wanawake wa Msambweni walikuwa wamejipanga upande mmoja, dada yake Boga mbele yao, na upande wa pili walikuwa wa Mwabungo, karibu wote amewafundisha yeye. Nao walikuwa wanacheka. Katikati palikuwa na sinia lenye asmini, na juu ya asmini amelazwa mtu wa ngumi. Hakuwa ameyeyuka. Alikuwa mwekundu, mgumu, amechomwa vizuri kwa moto wa makumbi ya nazi, kazi ya mfinyanzi anayeijua kazi yake. Tena alikuwa na uso. Alitiwa macho yaliyotumbuka na mdomo ulio wazi, na upande wa kushoto sikio lilichanwa kwa ukucha wakati udongo ungali mbichi.

Aliyeshika pembe na kuongoza alikuwa Mbeyu. Macho yao yalikutana. Mbeyu alikosa pigo moja, mkono ukabaki hewani, halafu akaendelea.

Hapo ndipo Mwanasha alipoumia. Boga alimchana sikio akiwa mgeni kwake, mtu aliyemjua kwa wiki chache tu. Huyu alimjua mpaka ndani.

Dada yake Boga akamkaribisha kwa adabu zote za kejeli, akamwita bibi wa taa, akampisha njia. Ngoma ikafifia. Mwanasha alitembea hadi kwenye sinia, akamwinua yule mtu wa udongo, akamfunga pembeni mwa leso. Biasha alikuwa amekaa mkekani amefunikwa kisutu, leso ya maharusi, kichwa kimeinama. Akanong'ona shikamoo. Mwanasha akaitikia marahaba, kwa sababu mtoto hana kosa, akatoka.

Nyumbani alijaza maji kwenye beseni akamtumbukiza. Akamsugua kwa vidole, akamsugua kwa makumbi, akamsugua kwa mchanga. Uso haukutoka. Kesho yake alimkuta amelala chini ya maji yaliyo safi kabisa, mdomo wazi. Mwanasha akalia kwa hasira mpaka jirani akaja kuuliza nani amefariki.

Wakagonga mlango wake wanawake wawili kabla ya mwezi kuandama, akawaambia anaumwa kichwa.

Mbeyu alikuja harusi ilipokwisha kupoa. Alimkuta Mwanasha amekaa chumbani, na magunia ameyashusha dirishani. Mwanga ulikuwa mwingi, ukaonyesha nyufa za ukuta na madoa ya piko sakafuni. Miaka yote waliyofanya kazi humo hawakuwahi kuonana nyuso. Mbeyu akasimama kizingitini kama mgeni, akaambiwa aketi.

Alijieleza kwa kirefu. Boga alitaka kuuvunja uchumba. Alikuwa amesikia fununu ya wimbo, akasema hawezi kumwoza mwanawe binti wa mpiga msondo wa mwanamke yule. Biasha alikuwa hali wala hanywi. Dada yake Boga ndiye aliyeleta shauri: wimbo ugeuzwe, uimbwe mbele za watu, uonekane mchezo, hapo hakuna atakayeuamini tena, na ndoa itapita. Yule mtu wa udongo alikuwa amemchoma kabla ya shauri lile, mara tu alipokauka, badala ya kumyeyusha. Alimwonea huruma, alisema. Hajawahi kuona kitu kizuri namna ile, hakuweza kumwacha apotee. Alimchoma kwa mapenzi.

"Na uso?" Mwanasha akauliza. "Umesema ulimchoma kabla ya shauri lile. Uso hautiwi juu ya udongo uliokwisha kuchomwa. Ulimtia lini?"

Mbeyu akatazama mikono yake. Wote wawili walikuwa wafinyanzi.

"Ungeniambia nisije," Mwanasha akasema. "Ningekaa kwangu. Ungewaambia umenikana, nami ningekubali, kwa ajili ya Biasha. Wewe ukaniambia njoo na udongo wako."

"Walitaka uwepo," Mbeyu akasema kwa sauti ndogo. "Bila wewe kuwepo haikuwa na maana."

Mwanasha akatikisa kichwa polepole. Alikuwa amejiandaa kumtukana, na matusi alikuwa nayo ya kutosha kijiji. Hayakuja. Alichokitaka kwa wakati ule kilikuwa kidogo sana, akakiomba.

"Niimbie," akasema. "Ule wenyewe, kama tulivyouimba humu."

Mbeyu akafuta pua. Akaanza taratibu, akigonga goti kwa kidole kama anavyogonga msondo, na sauti yake ilikuwa ile ile nzuri.

"Niwashieni taa nimwone..."

Akasita. Akarudia mwanzo. Midomo ikakaa tayari kwa mstari wa pili, na kilichotaka kutoka kilionekana usoni pake, akakizuia kwa kiganja. Akajaribu mara nyingine, akaanza kulia.

Mwanasha alimhurumia bila kupenda, mazoea ni kitu kibaya. Siku zote Mbeyu alipopotea yeye ndiye aliyempokea mstari, akamrudisha njiani. Akafumbua kinywa ampokee. Akatafuta. Muziki ulikuja, ukaja mbio mbio, na pembe zake, na vicheko vyake, na neno lililomfika ulimini lilikuwa sikio.

Akafumba kinywa. Wakakaa wakitazamana kwenye mwanga ule, na nje mkomamanga ulikuwa umeanza kupukutisha majani kwa kukosa maji.