Mtoto wa Vesti ya Kijani

Sista Ndanu alimpangusa mtoto kwa pamba na mafuta, akampangusa tena, kisha akaiacha ile vesti kama ilivyo.

"Usiivute, mama," alimwambia Ivyne. "Nimejaribu hapa begani, akalia. Ni ngozi yake."

Ilikuwa vesti ya kukimbilia, ya kijani, yenye mstari wa manjano kifuani: rangi za Klabu ya Riadha ya Mwamba, Kinoo. Haikuwa na mshono. Ilipanda na kushuka mtoto alipopumua. Sista aliandika uzito, akaandika kwamba ni msichana na ananyonya vizuri, akaenda kitanda kilichofuata.

Ivyne Ajwang alimkagua binti yake vidole, masikio, nyayo. Alimpenda mzima, pamoja na vesti, kwa kuwa ilikuwa yake. Halafu hasira ikaja pamoja na maziwa, maana alijua ilikotoka.

Ilitoka kwa mbuzi.

Muigai, mwenyekiti wa Mwamba, alichoka kulea wakimbiaji halafu timu kubwa za mjini zinawachukua. Akakumbuka desturi ya wazee wake. Tangu zamani Wagikuyu humzaa mgeni kwa mbuzi: anachinjiwa, anavishwa mkononi utepe wa ngozi ya mbuzi huyo, na kuanzia hapo ana baba, ana ndugu, ana shamba la kulima na watu wa kumzika. Muigai alichukua mbuzi na utepe. Shamba aliliacha.

Siku Ivyne alipochinjiwa mbuzi, babake, Oloo, fundi wa mawe kutoka Ugenya, alidhani ni karamu ya kukaribishwa tu. Alikula mbavu, akaongezwa supu. Muigai aliposimama na kusema, "Mzee Oloo, kuanzia leo huyu ni wetu," Oloo alijibu kama mtu yeyote mwenye adabu anayetafuna nyama ya mwenzake: "Ni wenu kabisa, yeye na watakaotoka kwake." Kwa Oloo hiyo ilikuwa namna ya kusema asante.

Basi Ivyne akakimbia. Muigai akachukua pesa za ushindi, akajenga nyumba za kupanga karibu na Waiyaki Way, na kila ghorofa akaipa jina la mbio zilizoijenga. Ivyne aliishi ghorofa ya Kisumu, ambayo aliishinda mwenyewe, na kodi alilipa. Kano la kisigino liliposhtuka, aliambiwa ajikande kwa maji ya chumvi na aache kudeka. Mtoto akimfanyia babake kazi, alisema Muigai, haulizi mshahara.

Kabla hajajifungua, Norman, kocha wa timu ya benki moja kule Upper Hill, alikuwa amemwahidi kazi ya kaunta na bima ya matibabu, yake na ya mtoto. Lilibaki jambo moja: Muigai amwachilie. Bila neno la klabu yake, hakuna timu iliyoruhusiwa kumsajili.

Muigai alikuja kumwona mtoto akiwa na sukari, mkate na soda kubwa. Chumbani alimkuta Milcah, jirani na mkimbiaji mwenza, naye pia wa mbuzi, akikoroga uji. Alimfunua mtoto, hakushangaa. Akambonyeza mguu kama mtu anayechagua parachichi.

"Huyu ni wa masafa marefu."

"Mzee, mimi nataka kwenda Upper Hill," Ivyne alisema. "Si kwa ubaya. Mtoto anataka bima."

"Bima! Sisi tulilelewa na bima gani? Na si tuko?"

"Nyinyi mko. Mimi nilichechemea msimu mzima mkinicheka."

"Alaa! Kumbe kuzaa kumekupa mdomo."

"Kumenipa mtoto. Niachilie, mzee."

Muigai alijimiminia ile soda aliyoleta, akanywa.

"Enda. Kwani nimekufunga kamba? Enda hata saa hii. Lakini huyu amevaa vesti yangu. Huyu anabaki."

Milcah aliweka mwiko chini. "Mzee, si huyo bado ananyonya?"

"Basi mamake atakaa naye," alisema Muigai. "Mimi si mtu mbaya."

Ivyne hakukubali. Alinunua sweta nene ya manjano Kenyatta Market, akamvisha mtoto hadi kidevuni, akapanda naye Upper Hill. Kufika mapokezi, sweta ilikuwa imegeuka kijani, na mstari kifuani. Askari wa mlangoni aliwaandikisha wageni wawili.

Norman alimtazama mtoto, akajikuna shingo.

"Dada, mwenyekiti wako amenipigia. Wewe amekuachilia, hana shida. Lakini huyu ni wa klabu nyingine. Siwezi kumwingiza kwa bima yetu akiwa na rangi za watu. Ungekuja peke yako ningekusajili leo."

"Peke yangu ni nani?" Ivyne aliuliza.

Norman alisema pole. Alisema pia kwamba mtoto ni mrembo, na hapo hakudanganya.

Ivyne alirudi mazoezini kisigino kikiuma na maziwa yakilowesha kifua, Milcah akimbebea mtoto pembeni mwa barabara. Alikimbia kwa hasira, na hasira ilimpa kasi, na kasi ilimpa Muigai ghorofa nyingine. Vesti ilikua pamoja na mtoto. Klinikini walizoea, wakawa wanamchoma sindano pajani.

Siku ya mbio za nyika pale Kinoo, Ivyne alimaliza wa kwanza. Muigai alishika kipaza sauti.

"Mwoneni huyu! Mabenki yalimwita, akayakataa. Hakuna aliyemlazimisha. Huyu anaipenda klabu yake. Vijana, huo ndio uaminifu!"

Umati ulipiga makofi. Oloo naye alipiga, machozi yakimlengalenga, kwa kuwa hakuwahi kusikia binti yake akisifiwa hadharani. Ivyne alimchukua mtoto mgongoni kwa Milcah, akamkalisha kwenye mkono. Mtoto alipenda sana makofi. Alinyoosha mikono, akilalamika kwa sababu bado hakujua namna ya kuikutanisha, mpaka mamake akaishika na kumpigisha.