Joto la Upande wa Pili

Mke hakuwa naye tena. Meno ya upande wa kushoto hakuwa nayo, wala soksi isiyotoboka kisigino, wala nyama mwilini ya kuzuia upepo. Hakuwa na mtu wa kumwuliza ameamkaje. Na tangu Juni ianze, mzee Abdelkarim hakuwa na usingizi.

Vyumba ndivyo alivyokuwa navyo. Katika ploti yake ya mabati pale Laini Saba alikaa viwili, sebule na chumba cha kulala. Kilichofuata, kilichopakana na kitanda chake, alikuwa amempangisha Opondo, mkewe Caren na watoto wao watano.

Hao ndio aliowaondoa mwezi wa Aprili. Kelele zilimchosha: redio, watoto wakigombania blanketi, Caren akisonga ugali kama anayepigana na sufuria. "Hapa si sokoni," aliwaambia. Caren alifunga virago bila kumtazama. Mlangoni akasema, "Haya, Mzee. Kaa na kimya chako." Wakahamia Kawangware.

Mpangaji mpya, Mutanu, alifanya kazi ya ofisi. Alitoka alfajiri, akarudi na chipsi za kufungiwa, akala, akalala. Wikendi alienda kwao Machakos. Abdelkarim alijipongeza kwa mpangaji kama huyo.

Halafu baridi ikaja. Aliongeza blanketi, akaongeza sweta, akaziba nyufa kwa magazeti. Siku moja aliingiza jiko la makaa ndani, akaamka kichwa kinapasuka na miguu haimbebi. Daktari wa kliniki alimsikiliza kifua kwa muda mrefu.

"Jiko ndani usirudie, litakuua. Na hii nimonia ni ya pili mwaka huu, Mzee. Ikija ya tatu, siwezi kukuahidi kitu. Tafuta mahali penye joto."

Mahali gani? Alirudi nyumbani amechoka, amechoka hata kukasirika.

Alikuwa na kuku wanne waliolala kwenye sanduku nje, nyuma ya kile chumba cha Mutanu. Jioni moja alikuta sanduku tupu. Aliwaona ng'ambo ya kichochoro, kwa Everlyne, anayekaanga mandazi na kuishi na mama yake, dada zake na watoto wao. Kuku walikuwa wamejibana kwenye ukuta wake, manyoya yamefura, huwezi kujua bawa la huyu ni lipi.

"Mzee, hawa wamekuhama," Everlyne alisema. "Nitaanza kuwatoza kodi."

"Wana nyumba yao."

"Nyumba gani? Hiyo friji?"

Abdelkarim aliingia ndani, akaweka kiganja kwenye mabati kando ya kitanda. Yalikuwa baridi kama kopo la maji. Tangu mkewe afariki alikuwa akilala mgongo umegusa mabati hayo, na hakuwahi kujiuliza kwa nini. Watu saba walikuwa wakipumua nyuma yake. Walipika, wakasukumana, wakalala wamebanana, na joto lao likamfikia yeye bila kubisha hodi.

Jumapili alikwenda Kawangware. Caren alikuwa mlangoni anakata sukuma.

"Landlord! Umekuja kutufukuza na huku?"

"Nimekuja kuwaona, Mama Whitney."

"Haya, tuone. Kelele tulihama nazo."

"Caren, wacha mzee aketi," Opondo alicheka. "Karibu, Mzee. We Whitney, songa hapo!"

Akaketi kwenye kochi, Whitney huku, wavulana kule, televisheni ikinguruma. Maneno alikuwa ameyapanga njia nzima. Alingoja watoto wanyamaze kidogo ayatoe. Hawakunyamaza. Mapaja yao yalikuwa ya moto kama mikate, na chai ikiwa mkononi, Abdelkarim akalala.

Alipoamka alikuwa amefunikwa leso. Kikombe kilikuwa kimeondolewa, na mtoto mdogo amelalia mkono wake.

"Umekoroma mpaka jirani amekuja kuuliza ni nini," Caren alisema. "Ingekuwa ni sisi, ungetupa notisi."

Wote walicheka, naye akacheka kidogo. Opondo alimsindikiza hadi steji ya matatu. Mara kadhaa Abdelkarim alifungua kinywa, na kila mara kikatoka kitu kuhusu bei ya unga. Kutoa notisi alizoea. Kuomba hakujua pa kuanzia.

Asubuhi iliyofuata aliketi sebuleni, katikati ya viti vya marehemu mkewe na mikeka aliyoisuka kwa mikono yake, akaandika. Alichana karatasi, akaanza upya.

*Baba Whitney na Mama Whitney,*

*Aprili niliwakosea. Mutanu siwezi kumtoa, hana kosa. Nawapa sebule yangu. Nayo imepakana na kitanda changu, upande wa pili. Vitu vya marehemu nitavipeleka kwa dada yangu Sitti. Msidhani ni wema. Nasikia baridi, na daktari amenieleza ukweli. Mkikataa sitauliza sababu.*

*Abdelkarim*

Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka. Alikwenda kwa Everlyne kuomba kipande cha ugali.

"Barua ya mapenzi, Mzee?"

"Nipe ugali, mama."

Aliufikicha kwenye ukingo wa bahasha, akaukandamiza kwa kidole gumba mpaka ukashika. Kisha akamwita Khalid wa bodaboda na kumwelekeza nyumba.

"Si upige simu tu, buda?"

"Kwenye simu nitazungumza mambo mengine."

Khalid aliitia barua ndani ya jaketi, akafunga zipu hadi kidevuni, akawasha pikipiki.