Kikapu cha Mgeni

Kibao cha mzungu kilikuwa bado kimening'inia getini: wachuuzi marufuku. Mzungu mwenyewe alikuwa ameuza nyumba akarudi kwao, lakini kibao akakiacha, na kanjo, baraza la mji wa Eldoret, ikakishika kama Maandiko. Penye kibao, hata mchuuzi mwenye beji ya kanjo haruhusiwi kubisha hodi. Wacera, mchuuzi wa mayai, hakuwa na beji. Tena Murunga, askari wa kanjo, alikuwa ameshamwonya: akimkuta tena milangoni mwa watu, atalala ndani. Na mtoto wake alikuwa bado ananyonya, amebaki Kiplombe na bibi yake.

Basi mbona aliingia? Ni mayai. Kuku wake alikuwa ameatamia, kisha akasusa, akayaacha majanini. Wacera akaona hasara kuyatupa. Akayasugua kwa majivu mpaka yakang'aa, akayapanga chini ya kikapu, mazima akayatandaza juu. Sokoni wanamjua. Hapa wenye nyumba walikuwa wamehamia juzi tu.

Mwenye nyumba, Mama Jelagat, hakumwacha afungue kinywa.

"Karibu, karibu ndani! Tangu tuje hakuna jirani aliyekanyaga hapa. Nilidhani tunanuka!"

Akamkalisha, akatikisa kibuyu, akammiminia mursik, maziwa ya mgando.

"Mbona unachungulia kikombe? Huo weusi ni mkaa wa mti, si masizi ya sufuria. Ninyi watu wa Kikuyu mnaogopa maziwa kama yatawauma!"

Wacera akacheka, akanywa. Kwa kina Jelagat mgeni haulizwi shida yake kabla hajanywa, na sasa alikuwa amekunywa. Neno la biashara likateremka pamoja na maziwa.

Kikombe hakijatua mezani, Murunga akasimama mlangoni.

"Huyu namjua. Mama, amekuuzia nini?"

"Aniuzie nini? Huyu ni mgeni wangu."

"Mgeni na kikapu?"

"Kwani kwenu wageni huja wakipunga mikono? Ameniletea mayai. Keti, askari, nikukaangie."

Murunga akavua kofia. Wacera akaona amenusurika. Lakini Jelagat alikuwa akiyahamisha mayai kwenye karai, moja moja, kwa upole, kama mtu anayepokea zawadi. Ya juu yakatangulia chini. Ya chini yakaja juu. Mafuta yakaanza kulia kwenye kikaango, na Jelagat akachukua lililokuwa juu kabisa, akainua kisu.

"Mama, usivunje."

"Kwa nini?"

Wacera akatazama sakafu. Ilikuwa imepigwa deki, na miguu yake ilikuwa na matope.

"Hayo ni viza. Kuku aliyaacha. Nilikuja... nilikuja kukuuzia."

Murunga akapasuka kicheko. "Zawadi ya vifaranga! Haya, twende, dada." Akamshika mkono.

Jelagat hakucheka. Akaondoa kikaango motoni, akafuta mikono kwa leso, polepole.

"Mwachilie."

"Mama, si amekiri mwenyewe?"

"Amekiri na maziwa yangu yako tumboni mwake. Mgeni hashikwi ndani ya nyumba yangu. Nenda kamngoje huko getini. Siku nyingine akija kuuza, mchukue."

Murunga akatoka akinung'unika. Wacera alitamani askari amvute tu, aende naye, kuliko kubaki pale.

Jelagat akayachukua mayai ya juu, akatoka akayafukia nyuma ya jikoni. Aliporudi, akaweka kibuyu kidogo cha maziwa ndani ya kikapu, akakifunika kwa kitambaa. Hakumtazama usoni.

"Kikapu cha mgeni hakirudi kitupu. Kibuyu utanirudishia. Ukija, uje kusalimia."

"Asante, Mama," Wacera akasema.

Akakipokea kwa mikono miwili. Getini, Murunga alikuwa ameegemea nguzo, chini ya kile kibao. Akasogea pembeni, akamfungulia geti kwa adabu zote, akainamisha kichwa.

"Pita, mgeni."