Kitufe cha Badria

Kaka yangu Mahfoudh hutengeneza kompyuta za mtaa mzima wa Malindi, lakini ulimi wake mzito mpaka unakera. Kumpa mkewe talaka hakukumshinda: moja, kwa hasira, kwa ugomvi wa kipuuzi. Kumrejea ndiko kulikomshinda.

Badria alikaa eda pale pale nyumbani, chumba cha pili. Muda wote huo neno moja la mume lingemrudisha, na kwetu rejea ni kauli, si nia ya moyoni. Mimi nakaa chini yao, na kutwa nilimsikia wifi yangu akichapa tafsiri zake za mahoteli. Kidole chake cha mwisho cha mkono wa kushoto kilikuwa kikimuuma kwa kujikunja kila mara kukifuata kitufe cha Ctrl kule chini pembeni, kila anaponakili, kila anapohifadhi. Tangu zamani alimwomba mumewe amsaidie, na mume siku zote ana kompyuta za watu.

Eda ilipokaribia kwisha, Mahfoudh akaichukua kompyuta ya Badria na kubadilisha vitufe. Kile cha herufi kubwa, kilicho karibu na kidole na ambacho Badria hakukitumia, akakipa kazi ya Ctrl. Akashuka kunieleza, uso umemchanua. Nikamuuliza kama amemwambia kuwa amemrejea. Akasema Badria ataelewa mwenyewe. Nikamwambia apande akaseme. Akasema kesho, na kesho yake akasema kesho.

Juu nilisikia kazi ikienda bila kusita, nikatumai. Badria naye alikuwa na heshima zake, hakutaka kuomba kurejewa. Eda ikaisha, na kesho yake kaka yake Badria akaja na gari kutoka Fumba kumchukua.

Mlangoni Mahfoudh akamuuliza kidole kinaendeleaje.

"Hakiniumi tena, ahsante," akasema Badria. "Nlidhani unaniaga kwa wema."

"Nlikuwa nakurejea."

Badria alilitua sanduku lake akalia mbele yetu sote, wala hakujificha. Nami nililia, kwa uchungu na kwa hasira, maana nilikuwa nampenda wifi yangu.

"Ungesema jana, Mahfoudh. Sasa mpaka uje kwetu unipose upya, na huko lazima useme. Utakuja?"

Alimtazama. Kisha akainama, akalibeba lile sanduku, akampelekea garini.