Kila Neno na Mtu Wake

Kiingereza cha mtihani si Kiingereza cha watu. Mimi ni muuguzi katika zahanati moja hapa Woodley, naongea Kiingereza na madaktari kutwa nzima, na hakuna mgonjwa aliyewahi kufa kwa sababu sikujua maana ya "garrulous". Lakini ukitaka kazi ya uuguzi Ireland lazima upite mtihani, na mtihani umejaa vidude vya aina hiyo. Nilikuwa nimeufeli mara mbili. Wakala aliyenitafutia kazi aliniambia wazi kwamba nikifeli tena, nafasi anampa mwingine.

Ndipo nikajiunga na darasa la Mwalimu Ndambuki, ghorofa ya tatu ya jengo moja la Moi Avenue, kila Jumamosi. Yeye ndiye aliyepeleka majina ya watahiniwa. Asipopeleka lako, hufanyi. Hilo hakutuacha tulisahau hata siku moja.

Kukariri kama kasuku kulikuwa kumenishinda. Maneno niliyoyameza usiku yalikuwa yametoroka kabla sijapiga mswaki. Kwa hiyo nikaanza mtindo wangu: kila neno nilimpa mtu ninayemjua alibebe. "Frugal", mtu asiyepoteza kitu, nilimpa shangazi yangu Mukonyo, anayeanika majani ya chai dirishani ili ayachemshe tena. "Belligerent", mpenda ugomvi, nilimpa jirani yetu Muasya, anayemgombeza bawabu hata akifunguliwa geti upesi. "Garrulous", mwenye maneno mengi, nilimpa Kavata, msusi wangu wa Kenyatta Market, na alilibeba bila taabu. Watu hawa wote huongea Kikamba, hata kichwani mwangu. Shangazi akifoka, "Usimwage hayo majani!" neno linakuja lenyewe.

Jumamosi hiyo Mwalimu aliniuliza maana ya "frugal". Nikafumba macho, nikamnong'oneza shangazi kwa Kikamba kidogo, nikajibu. Nilijibu sawasawa. Lakini Mwalimu hakusikia jibu, alisikia mnong'ono. Akafungua droo, akatoa kipande cha ubao chenye kamba.

Aliyesoma shule ya msingi Kenya anakijua. Ni diski. Ukinaswa ukisema lugha ya nyumbani unavalishwa shingoni, na huivui mpaka umtaje mwenzako uliyemsikia naye akiteleza. Tulivalishwa tukiwa watoto. Sasa mimi, mama wa watoto wawili, niliyewahi kushona vichwa vya wanaume wazima huku wakilia, nikavalishwa mbele ya darasa, na watu wakacheka. Mwalimu akasema kwa Kiingereza chake cha puani kwamba yeye hata ndoto huota kwa Kiingereza. Akaongeza kwamba nisipomtaja mwingine, jina langu haliendi.

Wa kumtaja nilikuwa naye. Kaindi, jirani yangu wa dawati, alikuwa ameongea Kikamba na mamake kwenye simu muda mfupi tu uliopita, nami nimesimama kando. Darasa lilipoisha akanishika mkono kwenye ngazi.

"Wee Ndanu, nitaje mimi. Si ulinisikia? Mimi niko na chance ingine, wewe hauna."

"Sitaji mtu."

"Utakosa exam juu ya kipande ya mbao?"

"Basi nikose."

"Haya, si utoe hiyo kitu basi, tuko tao, watu watakuona."

Sikuitoa. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu haijui kujificha. Nilipita nayo Moi Avenue yote kifua mbele. Kesho yake nikaenda nayo kanisani, na baada ya ibada nikaenda nayo Kenyatta Market kusukwa. Aliyeniuliza ni nini, nilimwambia, na sikupunguza sauti.

Pale sokoni saluni na vibanda vya nyama choma vimebanana. Kavata alikuwa bado ananichana nikasikia kicheko, kisha mtu akisimulia kisa kwa Kikamba, Kikamba cha Kitui kisicho na doa. Nikageuka. Ni Mwalimu Ndambuki, mikono ya shati imekunjwa, anamkatia nyama mama mzee vipande vidogo vidogo.

Nilisimama na nywele zangu nusu, nikawaendea.

"Wakya," mama akanisalimu.

"Aa," nikaitikia.

Macho yake yakashuka kifuani pangu. Akaniuliza, kwa Kikamba, nimevaa nini.

"Nilivalishwa darasani, mama, kwa kusema lugha yetu."

"Na nani? Mjinga gani huyo?"

Mwalimu alikuwa anakagua kachumbari. Akainuka ghafla, akanisukuma pembeni, hadi katikati ya saluni.

"Ndanu, tafadhali," akasema. "Jina lako nitapeleka. Mama asijue tu."

Hapo ndipo nilipokasirika kweli. Alitaka kunipa kama hongo kitu ambacho ni haki yangu!

"Jina langu litaenda kwa sababu naweza," nikasema. "Nisikilize."

Nikaanza. Nilimwita shangazi na majani yake, nikasema "frugal" na maana yake. Nilimwita Muasya na bawabu wake. Nilimwita Kavata, naye akaitika, "Niko!" Neno baada ya neno, kwa Kikamba na Kiingereza, na sikukosea hata moja. Wanawake waliinua vichwa. Mwalimu alikuwa ananiashiria ninyamaze, hakujua kwamba mamake amesimama nyuma yake.

"Ni wewe uliyemvalisha?" mama akauliza.

Mwalimu akageuka.

"Mimi nilivalishwa hicho darasa la tatu," mama akasema polepole. "La nne sikurudi. Nilikusomesha ili uwavalishe watu?"

Mwalimu sikumhurumia, na sitasema nilimhurumia.

"Mwambie huyu mtoto jina lake litaenda," mama akasema. "Mwambie kwa lugha niliyokulea nayo."

"Jina la Ndanu litaenda," akasema kwa Kikamba, akitazama viatu vyake.

Nikamwambia arudie kwa sauti. Wale wa nyuma, walio chini ya mashine za kukausha nywele, hawakuwa wamesikia.